Nguruwe Walipata Bati Kabla ya Bibi

Umeliona. Usiniambie hukuliona. Liko katika kila kijiji cha kisiwa chetu cha Savai'i, na kwenu pia liko. Boma la nyumba lisilo na bati. Nondo zimechomoza juu, mpapai umeota sebuleni. Unapita asubuhi, unapita jioni, na kila ukifika pale unageuza shingo upande wa bahari, eti unatazama mawimbi. Mawimbi yana nini jipya? Unakwepa. Kando ya lile boma kuna mtu anasubiri, na jina lake unalijua.

Kijijini kwetu Fagamanu aliyesubiri ni Bibi Fuatino, mwenye miaka themanini na moja. Kimbunga kiliichukua nyumba yake. Bati moja lilikutwa juu ya kanisa, mengine hayajaonekana hadi leo. Siku ile mwanawe Lafaele alisimama mbele ya watu akaapa: "Mama, kabla ya Krismasi utalala ndani." Nilikuwepo, nikasikia. Ila hakusema Krismasi ya mwaka gani.

Krismasi tatu zikapita. Bibi alilala katika kibanda cha jikoni, kati ya mafiga na gunia la nazi. Mvua ikinyesha usiku, alilala amekaa, mwavuli mkononi.

Si kwamba hawakujenga. Hilo ndilo linaloniudhi. Walijenga kila siku! Sikiliza siku yao moja ilivyokwenda.

Saa moja asubuhi anafika fundi Peniamina na wenzake watatu. Kabla hawajashika mwiko, Telesia, mke wa Lafaele, anatoka jikoni na sinia. Kwetu fundi wa nyumba ni mgeni wa heshima. Ukimlisha vibaya anakusanya vyombo vyake na kuondoka, na hakuna fundi mwingine atakayegusa kazi aliyoiacha. Kila mtu anajua hilo. Kwa hiyo Telesia alipika kwa hofu.

"Karibuni chai kidogo, fundi."

Chai kidogo ilikuwa kakao ya moto, mikate, mashelisheli na samaki.

Saa nne anakuja tena. "Fundi, kionjo tu." Magimbi na majani yake yaliyopikwa kwa tui zito.

Saa sita ni nguruwe na nyama ya kopo. Saa nane mafundi wamelala chali kwenye kivuli cha ukuta walioujenga wenyewe. Saa tisa wanaamka, wanaweka matofali manne, halafu chai.

Bibi Fuatino alikaa mlangoni mwa kibanda chake akihesabu.

"Tisa leo!" alipaza sauti. "Jana kumi na moja! Mnajenga au mnabomoa?"

"Mama, taratibu, fundi atasikia," Lafaele alinong'ona.

"Atasikia vipi? Anakoroma!"

Kulikuwa na mengine. Mwaka wa kwanza Lafaele alinunua mifuko sitini ya simenti kwa mpigo, wakati hata mchanga haujafika. Mvua ikaikuta. Ikaganda humo humo mifukoni. Leo ni mabenchi ya kijiji, nimekalia moja nikiandika haya. Bati na mbao za kenchi za kubeba paa, ambazo ndizo zinachelewa kuja kuliko vyote, hakuagiza kabisa. "Tutaagiza kuta zikiisha," alisema.

Halafu kuna Semisi, kaka mkubwa, anayekaa ughaibuni, Auckland. Semisi alijenga kwa simu.

"Lafaele, nimeota mlango unatazama kanisa."

"Lakini kaka, tumeshauweka upande wa barabara."

"Hamisha."

Wakavunja ukuta, wakahamisha. Baada ya miezi miwili simu ikalia tena. "Lafaele, jua la jioni litampiga mama machoni. Rudisha."

Wakarudisha.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kilikwisha kwa wakati pale nyumbani. Karamu ya kufungua nyumba ilitangazwa mapema, kabla hata ya ukuta wa kwanza, na karamu kama hiyo inataka nguruwe. Nguruwe saba wakanunuliwa, nao wakataka banda. Lafaele alianza Jumatatu asubuhi. Jumanne jioni banda lilikuwa limesimama: nguzo imara, sakafu ya zege, bati jipya linang'aa, na mfereji wa maji juu.

Bibi alilitazama sana lile banda.

Ikafika tarehe kumi na mbili Agosti. Mvua isiyo ya msimu ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu mchungaji alikuja kumwombea bibi. Akachungulia jikoni. Hayupo.

"Niko huku, mchungaji!" sauti iliita. "Karibu ndani! Futa miguu!"

Bibi Fuatino alikuwa ndani ya banda la nguruwe. Ametandika mkeka wake. Kwenye nguzo ametundika picha ya marehemu mumewe. Kwenye kona moja nguruwe saba wamebanana, wanamtazama kama wapangaji waliopandishiwa kodi.

"Mama Fuatino," mchungaji alisema, mguu mmoja nje, "hapa ni... hapa ni kwa..."

"Ni pakavu," bibi alijibu. "Tuombe. Tuanze na wenye nyumba, wametupa nafasi."

Mchungaji aliinama akaingia. Aliomba akiwa ameinama hivyo hivyo. Nguruwe mmoja aliitikia kabla ya amina.

Kufikia saa sita kijiji chote kilikuwa na habari. Lafaele alikuja mbio, maji yanamchuruzika.

"Mama, unaniaibisha! Toka humo!"

"Sitoki. Nyumba hii ina bati. Ile yako ina mpapai."

"Watu wanacheka!"

"Waache wacheke. Mimi nimelia miaka mitatu, hakuna aliyekuja." Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mvua kubwa zinaanza Novemba. Zile sitazimaliza nikiwa nimekaa na mwavuli. Wewe una muda. Mimi sina."

Lafaele alikaa kwenye simenti yake iliyoganda akainamisha kichwa.

Hapo ndipo alipofika Valelia, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene wa sauti kubwa anayeuza maandazi karibu na shule. Kumbe kabla ya maandazi aliwahi kuwa karani wa kazi za ujenzi huko Auckland, miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kufuatilia nini kinafika lini na nani anafanya nini. Miaka yote mitatu hakuna aliyemuuliza kitu. Nasi tulimwona muuza maandazi tu. Na mimi nikiwemo, sijitoi.

"Lafaele," Valelia alisema, "banda hili ulilijenga siku ngapi?"

"Mbili. Na wewe umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuuliza. Kwa nini mbili?"

"Kwa sababu... lilikuwa dogo."

"Udogo peke yake haumalizi kazi. Choo chako ni kidogo kuliko banda hili na kina mwaka hakijaisha. Fikiri. Vifaa vilikuwa wapi ulipoanza?"

"Vyote vilikuwa hapa. Niliviweka kwanza."

"Haya. Nani alikuletea sinia katikati ya kazi?"

"Hakuna."

"Semisi alipiga simu kuhusu mlango wa nguruwe?"

"Hajui hata kama kuna nguruwe."

"Na ulijua lazima liishe lini?"

"Jumatano. Nguruwe walikuwa wanakuja Jumatano."

Valelia akapiga makofi. "Basi ujenzi unaujua! Umewajengea nguruwe kwa akili, mama yako ukamjengea kwa adabu."

"Muongeze lingine, Valelia!" bibi alisema kutoka ndani. "Hilo halijamwingia!"

Valelia akatoa daftari lililofungiwa kwenye mfuko wa nailoni. "Tunaanzia mwisho," alisema. "Siku ya mwisho ni tarehe thelathini na moja Oktoba. Kuanzia kesho tuna siku themanini. Toa Jumapili."

"Kumi na moja," alisema Telesia, aliyekuwa amekuja na mwavuli.

"Toa Jumatatu ile ya mapumziko baada ya Jumapili ya watoto kanisani. Moja. Sasa toa siku kumi za balaa. Feri kuharibika. Fundi kuumwa. Na msiba. Kukiwa na msiba kijiji kizima kinasimama. Hatujui nani, lakini mtu atakufa."

Macho yote yakahamia bandani.

"Msinitazame mimi!" bibi alifoka. "Nina miadi na nyumba!"

"Zimebaki hamsini na nane," Valelia aliendelea. "Sasa andika kila kazi iliyobaki. Si kichwani, hapa. Kazi ipi inasubiri ipi? Bati linasubiri kenchi. Kenchi zinasubiri mkanda wa zege juu ya kuta. Mkanda unasubiri kuta. Lakini kuagiza bati kunasubiri nini?"

"Kuta," alisema Lafaele.

"Kwa nini?"

"Basi tu, tumezoea hivyo."

"Vipimo vya paa viko kwenye ramani tangu siku ya msingi. Mbao na bati kutoka mjini Apia, ng'ambo, huchukua wiki sita. Ukiagiza kesho, zinafika mwishoni mwa Septemba, kuta zimekwisha, zege limekauka. Ukisubiri kuta ziishe, zinafika Novemba, na mama yako anazipokea akiwa na mwavuli. Simenti je?"

Lafaele alilitazama benchi alilokalia. "Kidogo kidogo. Ya wiki moja. Juu ya mbao, mbali na ukuta, imefunikwa."

"Umesoma kwa gharama, lakini umesoma."

Likabaki jambo la fundi. Hapo hata Valelia alishusha sauti. Ungemkaripia fundi Peniamina mbele ya watu, angeondoka, na boma lingebaki boma milele. Jioni ile walikwenda kwake kwa heshima zote. Lafaele alivaa shati la kanisani. Telesia alibeba mkeka mwembamba wa heshima, zawadi ya fundi. Walikaa chini, wakasalimiana kwa majina marefu. Kila mtu aliusifu ukoo wa mwenzake mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwishowe Valelia akauliza, "Fundi mkuu, sisi hatujui kitu. Tufundishe. Ni nini kinachoichelewesha kazi yako?"

Peniamina alimtazama Telesia. Akatazama mkeka. Akashusha pumzi ndefu.

"Mama, unaniuliza kweli?"

"Kweli."

"Chakula."

Telesia akashtuka. "Hakitoshi?"

"Hakitoshi!" Peniamina alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Dada yangu, nilianza nyumba hii nikiwa napanda ngazi kama paka. Sasa ngazi inalia. Nikila saa moja, saa nne na saa sita, nitajenga saa ngapi? Mwenzangu mmoja hafungi tena mkanda wa suruali, anatumia kamba ya timazi!"

"Mbona hukusema?"

"Nikatae chakula chako? Ningekutukana. Nilikuwa nasubiri wewe upunguze."

"Mimi nilikuwa nasubiri wewe ushibe!"

Walitazamana. Miaka mitatu kila mmoja alikuwa akimheshimu mwenzake, na kikongwe analowa. Telesia ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilipohadithiwa sikucheka sana. Huo ndio ugonjwa wetu. Tunaogopa neno moja la kweli kuliko kimbunga.

Wakapatana, na Valelia akaandika, na wote wakatia sahihi. Chai nyepesi saa moja. Chakula saa sita, nusu saa. Mlo mkubwa, wenye nguruwe na heshima zote, saa kumi jioni, vyombo vya kazi vikishaoshwa. Kila Jumamosi wakae dakika ishirini na daftari: tumefanya nini, tumekwama wapi, wiki ijayo tunahitaji kifaa gani. Mkubwa wa kazi ni Peniamina. Mwenye kuamua upande wa familia ni mtu mmoja.

"Nani?" aliuliza Lafaele, akijiweka sawa.

"Mama yako," alisema Valelia.

Kesho yake Lafaele alipanda feri akaenda kuagiza bati. Akarudi na karatasi yenye tarehe. Wiki ya kwanza yalipanda matofali mia moja na arobaini. Bibi aliyahesabu mara mbili, akidhani macho yamemchezea.

Wiki ya tatu simu ya Semisi ikalia.

"Lafaele, nimeona dirisha la upinde kwenye nyumba ya mzungu mmoja hapa. Zuri sana! Weka mbele."

Zamani Lafaele angeshika nyundo. Safari hii alifungua daftari. "Kaka, fundi anasema upinde utakula siku tisa. Siku za balaa zilizobaki ni nane. Ongea na mwenye kuamua."

Akampa bibi simu.

"Semisi."

"Mama! Habari za..."

"Hilo dirisha nitalichungulia kutoka kaburini? Unataka nife lini, niwaambie wachimbe?"

"Hapana mama, mimi nilisema tu..."

"Ukitaka upinde, jenga kwako. Huku lete misumari."

Semisi alituma misumari. Tangu hapo hajaota mlango.

Balaa nalo lilikuja. Mwishoni mwa Septemba bati letu lilikwama ng'ambo. Feri iliharibika siku nne. Zamani wangekaa na kula. Peniamina alitazama daftari. "Kazi gani haisubiri bati?" Lipu ya ndani, ngazi ya mlangoni, shimo la choo. Wakafanya hizo. Mzee mmoja wa mtaa wa chini akafariki, siku tatu zikaenda, tukamzika vizuri bila haraka, maana siku zake zilikuwa zimeandikwa tayari. Bibi alirudi kutoka mazikoni akasema, "Nilisema si mimi."

Tarehe ishirini na sita Oktoba, saa nane mchana, Peniamina alipigilia msumari wa mwisho wa paa. Alipanda ngazi mwenyewe. Ngazi haikulia.

Siku ya pili bibi aliingia na mkeka wake na picha ya mumewe. Karamu ilikuwa Jumamosi. Nguruwe sita waliliwa. Wa saba bibi alikataa asiguswe. "Huyu tulikaa pamoja," alisema. "Aliitikia amina."

Tarehe mbili Novemba, mchana, mvua ikashuka. Mvua ile nzito ambayo huoni jirani. Lafaele alikimbia kwenda chumbani kwa mama yake. Alimkuta amelala. Amelala kabisa, miguu imenyooka, mwavuli umetundikwa ukutani. Lafaele alisimama mlangoni.

"Mama? Unasikia vizuri humo?"

Bibi alifungua jicho moja.

"Bati lina kelele," alisema. "Bandani palikuwa kimya zaidi. Funga mlango."

Akageukia ukuta akalala mpaka jioni.

Sasa nakugeukia wewe. Umecheka? Vizuri. Lakini na kwako kuna boma, au kwa jirani yako, au darasa la shule ambalo msingi wake ulimwagwa wewe ukiwa bado hujaolewa. Nakumbuka tarehe za mengi, na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa kila moja namjua. Usingoje niyataje. Inuka sasa hivi, kabla hujaenda kula. Chukua daftari. Andika juu kabisa tarehe ya mwisho, na chini yake jina la mtu anayelowa. Rudi nyuma siku kwa siku. Kinachochelewa kufika, kiagize kesho asubuhi. Kisha nenda kwa fundi wako, kaa chini kwa adabu, umuulize kinachomkwamisha. Nenda leo. Mvua haikungoji.